Udongo wa Mwalimu Perpetua

Usiku ule, kwangu mimi, uliingia saa nane mchana. Umeme ulikatika mtaa mzima, kompyuta yangu ikafuata baada ya nusu saa, na mimi nikafuata nyuma yake. Nilitandika mkeka sebuleni, nikajinyoosha kwa nia ya kufumba macho kidogo tu. Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alikuwa amewapeleka watoto kwa bibi yao ili nipate utulivu, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia bomba la jikoni likidondosha tone moja moja kwenye ndoo.

Kabla sijasimulia nilichokiona, niseme kwanza kilichonichosha.

Mimi naitwa Hilda, ni mtaalamu wa maji. Ofisi yetu inafuatilia mto mmoja mkubwa na vijito vinavyouingia, na kazi yetu nzito, mvua zinapokaribia, ni kuwaambia watu wa bondeni maji yatafika wapi na yatafika lini. Kwa miaka mingi, tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, ofisi imeitegemea programu moja ya kompyuta. Unaipa mvua iliyonyesha milimani, inakupa kina cha mto siku mbili mbele. Iliandikwa na Mwalimu Perpetua, mwanamke aliyekuja kunifundisha chuo kikuu. Aliiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya enzi zile ambapo programu ilitobolewa kwenye kadi za karatasi, kadi moja kwa kila mstari, ikabebwa sandukuni kwa uangalifu kama trei ya mayai.

Mwalimu alifariki miaka mitatu kabla ya mchana huo ninaousimulia. Programu yake ilibaki kwenye kompyuta moja kuukuu katika chumba cha nyuma, imebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: USIZIME. Hakuna aliyeizima. Lakini pia hakuna aliyeijua tena, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa naijua nusunusu.

Mwaka huo ofisi ilikuwa inajenga mfumo mpya wa tahadhari, wa kutuma ujumbe kwenye simu za wenyeviti wa vijiji. Mfumo wote uliandikwa kwa Python, lugha inayotumiwa na karibu kila mtu siku hizi. Nilipewa kazi ya kuiunganisha programu ya Mwalimu na mfumo huo. Sikutakiwa kuiandika upya. Nilitakiwa kuiacha ilivyo, na kuandika kipande cha katikati, mfano wa mkalimani: kinapokea swali kwa Python, kinalipeleka kwa Fortran, kinarudi na jibu.

Niliinakili programu kwenye kompyuta yangu, nikamwandika mkalimani kwa wiki moja, na alifanya kazi. Nilimpa mvua za msimu mmoja wa zamani, nikalinganisha jibu na zile karatasi pana zenye matundu pembeni ambazo Mwalimu alizichapa mwenyewe, tarakimu zikalingana mpaka ya mwisho. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Kisha nikampa misimu yote, mmoja baada ya mwingine, bila kuizima programu, kama mfumo mpya utakavyofanya. Msimu wa kwanza sawa. Wa pili ukaonesha mto umepanda kidogo kuliko ulivyopanda kweli. Wa tatu ukazidi. Nilipofika mwaka mmoja wa ukame, mwaka ambao ng'ombe walikuwa wakilamba tope, programu ikaniambia bonde zima limefunikwa na maji.

Wiki mbili nilitafuta kosa. Nilikagua vipimo, nukta, majina ya faili, mpangilio wa tarehe. Leo nikikusimulia huenda jibu unaliona liko waziwazi. Mimi sikuliona. Nilikuwa nimelikaribia mno.

Mwenzangu Shomari, ambaye meza yake inatazamana na yangu, ndiye aliyekuwa akiandika mfumo wa ujumbe. Ni kijana mwenye akili na asiyezunguka maneno. Ijumaa jioni, wakati tunafunga ofisi, alisimama mlangoni na begi lake mgongoni.

“Dada Hilda, nikwambie ukweli?”

“Niambie.”

“Programu ya huyu bibi imezeeka. Inaweweseka. Mvua kidogo, inaona gharika. Tukiwatumia watu wa bondeni ujumbe wa uongo mara mbili, mara ya tatu hawatausoma. Na huo wa tatu ndio utakuwa wa kweli.”

Alisema sawa. Jumatatu tulikuwa na kikao na mkurugenzi, na Shomari angependekeza programu ya Mwalimu iwekwe kando, tuandike nyingine. Nyingine hiyo ingekuwa nzuri, sina shaka. Lakini isingeujua mto wetu. Mwalimu Perpetua aliutembea mto ule kwa miguu, akachimba udongo wa kila kilima akauweka kwenye mifuko, akapima unanywa maji kiasi gani. Hayo yote yako ndani ya programu yake, yamegeuka tarakimu. Na masika yalikuwa yamebakiza wiki chache.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Shomari wala mtu yeyote. Mwezi mmoja kabla hajalazwa, Mwalimu alinipigia simu. “Hilda, njoo nyumbani siku moja tukae na ile programu. Kuna mambo hayamo kwenye karatasi.” Nikasema nitakuja, Mwalimu, wiki ijayo. Wiki iliyofuata mtoto akaugua surua. Iliyofuata nikawa na semina. Akapiga tena, nikasema tena nitakuja. Mara ya tatu hakupiga. Msibani nilikaa nyuma kabisa, karibu na wapishi, nikasaidia kuosha masufuria ili nisiulizwe mara ya mwisho nilimwona lini.

Tangu hapo, kila nikiifungua programu yake, nilijiona kama ninayeingia nyumbani kwake bila kubisha hodi. Maelezo yote aliyaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa tupu, kwa sababu mashine za wakati ule hazikuwa na herufi ndogo. HAPA MVUA INAINGIA UDONGONI. HAPA UDONGO UMESHIBA. HAPA TUSUBIRI KIDOGO. Ukiyasoma unamsikia.

Basi nikafumba macho.

Kitu cha kwanza kilikuwa baridi. Mkeka ulipoa chini ya mgongo wangu, halafu haukuwa mkeka tena, ilikuwa sakafu ya chumba cha kompyuta cha chuo, kile chumba chenye kiyoyozi kikali ambacho tulikuwa tukikiingia na masweta mwezi wa kumi na mbili huku nje watu wanajipepea. Nikaisikia harufu yake ya karatasi na vumbi lililopata moto. Ukutani ilikuwapo mashine kubwa yenye taa ndogondogo, mashine ambayo mimi sikuiwahi, niliiona kwenye picha tu, lakini pale nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na papo hapo nilikuwa nilivyo sasa, na hilo halikunishangaza.

Mwalimu Perpetua alikuwa amekaa mezani. Amevaa sweta lake la kijani lililochakaa viwiko, amejifunga kitenge kiunoni, miwani imeteremka puani. Mbele yake lilikuwepo sanduku la kadi, anazitoa moja moja, anazigonga mezani ili kingo zilingane. Nikasogea, ndipo nikaona miguu yake. Hakuwa na viatu. Miguu ilikuwa na tope mpaka vifundoni, tope bichi, linadondoka kwenye sakafu ile ile ambayo alikuwa haruhusu mtu aikanyage akiwa na kikombe cha maji mkononi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Hakuitikia mpaka alipomaliza kugonga kadi. Ndivyo alivyokuwa hata akiwa hai. Salamu yako ilisubiri mstari wake uishe.

“Marahaba, Hilda. Umechelewa.”

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia mtoto alikuwa na surua, kukawa na semina, kisha simu yangu ikaharibika, jambo ambalo hata si kweli, na maneno yakawa yananitoka mengi na membamba kama ya mtoto aliyevunja chungu. Akainua mkono.

“Nimesema umechelewa. Sijasema ondoka. Kaa.”

Nakaa. Kiti ni cha mbao, na tayari hatuko ndani. Tuko uani nyuma ya maabara, jua limepanda, nyasi zimefyekwa, na wanafunzi wenzangu wako pembeni, nasikia wanacheka bila kuwaona. Kati yangu na Mwalimu kuna ndoo. Imejaa udongo mwekundu, na ubavuni, chini kabisa, imetobolewa tundu. Siku hii naikumbuka. Iliwahi kutokea kweli, katika mwaka wangu wa pili. Nakumbuka mpaka nzi aliyekuwa akizunguka ukingo wa ndoo, na nzi yuleyule yupo.

Mwalimu ananipa kikombe cha bati kilichojaa maji.

“Mwaga.”

Namwaga. Udongo unayanywa maji yote, unabaki umetulia, rangi imekoza kidogo tu. Tundu halitoi kitu. Tunangoja. Katika ndoto kule kungoja ni kurefu, naona kivuli cha ndoo kinahama, naona Mwalimu anavua miwani anaifuta kwa ncha ya kitenge kama alivyokuwa akifanya darasani tulipokuwa hatujui jibu naye hataki kutuaibisha.

Ananipa kikombe cha pili.

“Mwaga.”

Namwaga, na safari hii maji yanakataa kuingia. Yanasimama juu ya udongo, yanatafuta ukingo, yanafurika. Tundu la chini linatapika maji mekundu. Yananifika miguuni, yanapita, na nikigeuka naona yanaingia chini ya mlango wa chumba cha kompyuta.

“Kikombe ni kilekile?” anauliza.

“Kilekile, Mwalimu.”

“Maji ni yaleyale?”

“Yaleyale.”

“Sasa mafuriko yametoka wapi?”

Jibu ninalo. Liko mdomoni mwangu kabisa, lakini ulimi umekuwa mzito, na wanafunzi wenzangu wameacha kucheka wananisubiri. Mwalimu hanisaidii. Anainuka, anakifunga kitenge upya, anaanza kutembea, na mimi namfuata, na hatukufungua geti lolote lakini tuko mtoni.

Ni mto wetu. Naujua kwa ule mwinuko wa kushoto wenye mawe meupe na kwa ubao wa kupimia kina, uliosimikwa majini, wenye mistari myeusi na meupe kama mkia wa kicheche. Asubuhi. Ukungu haujapanda. Kando ya ubao amesimama mwanamume, suruali ameikunja magotini, daftari analo kwapani. Anainama kusoma mstari, anaandika, anainama tena kuhakikisha. Ni Mzee Kondo. Huyu alikuwa msomaji wa kina cha mto kwa ofisi yetu. Kila asubuhi alishuka pale, akasoma ubao, akaandika tarakimu moja, akarudi nyumbani kunywa uji. Miaka na miaka. Alistaafu muda mrefu na mimi sikuwa na habari zake tena. Niliposhika nafasi yangu ofisini nilikuta madaftari yake yamepangwa kabatini, mwandiko mmoja kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Mwalimu anasimama akimtazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake akiwa hai. Kisha ananigeukia, anainua ncha ya kitenge ili niione miguu.

“Unaliona tope hili?”

“Nimeliona, Mwalimu.”

“Niliiandika iitwe mara moja, ijibu, ikalale. Ninyi mnaiita na kuiita. Kila mkiniita, nakuja na tope la safari iliyopita.”

Nikahisi kitu kinafunguka kifuani, kama vile mtu ameniinulia mzigo upande mmoja.

“Nifanye nini?”

“Iache ardhi ikauke. Halafu uliza.”

Alisema hivyo tu. Akaanza kupanda ule mwinuko wa mawe meupe, polepole, mkono kiunoni, jinsi alivyokuwa akipanda ngazi za jengo letu miaka ya mwisho. Niliogopa kwamba akifika juu sitamwona tena, nikapiga kelele jambo ambalo sikuwa nimekusudia kulisema.

“Mwalimu, una hasira na mimi?”

Akasimama. Akacheka. Lo, kile kicheko. Nilikuwa nimekisahau, nilikuwa nimebakiza sura na sweta na mwandiko, kicheko kilikuwa kimenipotea kabisa na sikujua kama kimenipotea. Kilianza chini, kikavunjika katikati, kikaishia kwenye kikohozi.

“Hasira ya nini, mtoto? Yaliyomo kwenye programu ungeyasoma mwenyewe. Mimi nilitaka mtu wa kunywa naye chai.”

Ukungu umefika kiunoni mwake. Anamwonesha kwa kidevu yule mzee aliye majini, ambaye bado anaandika, hatusikii.

“Huyo yu hai, Hilda. Nisalimie.”

Nikaamka.

Jokofu lilikuwa linanguruma. Umeme ulikuwa umerudi. Uso wangu ulikuwa umelowa mpaka masikioni. Nililala pale nikitazama dari, nikikirudia kile kicheko kichwani nisije nikakipoteza tena, mpaka nilipokuwa na hakika nimekishika. Ndipo nikainuka, nikaiwasha kompyuta.

Sikuchukua dakika kumi. Karibu na mwanzo wa programu kuna mstari mmoja unaotaja unyevu wa udongo kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa nimeupita mara mia. Katika Fortran, thamani iliyotajwa kwa namna ile huwekwa mara moja tu, programu inapoamka. Zamani hilo halikuwa na shida: opereta aliiita, ikahesabu msimu mmoja, ikajibu, ikazimika, na ikizimika ilisahau yote. Kesho ikiamka, udongo ni mkavu tena. Lakini mkalimani wangu hakuizima. Aliiacha macho, akaipa msimu wa pili, wa tatu, wa kumi, na kila msimu mpya ulianza juu ya udongo ulioshiba mvua za msimu uliotangulia. Ndoo ileile, kikombe juu ya kikombe. Mwaka wa ukame ulifurika kwa sababu ulibebeshwa maji ya miaka yote iliyoutangulia.

Niliandika kipande kifupi, mistari michache, chenye kazi moja: kabla ya kila swali jipya, rudisha udongo kwenye hali yake ya mwanzo. Juu yake nikaandika maelezo kwa herufi kubwa, kufuata desturi ya nyumba: HAPA ARDHI IKAUKE. Nikaendesha misimu yote. Kisha nikatandaza karatasi za Mwalimu, ambazo nilikuwa nimezibeba kutoka ofisini, sakafuni, chumba kizima, nikapiga magoti na rula nikilinganisha mstari kwa mstari. Ulipofika mwaka wa ukame, mto ulikuwa chini kabisa, palepale alipouacha.

Nikampigia Shomari. Alikuwa kwenye harusi ya binamu yake. Nyuma yake tarumbeta zinalia.

“Imekubali,” nikamwambia.

“Nini?”

“Programu. Misimu yote. Imekubali!”

Akatoka nje, muziki ukafifia. Nikamweleza habari ya udongo. Nikamsikia akijipiga kofi pajani.

“Kumbe ilikuwa haiweweseki. Ni sisi tulikuwa hatuipumzishi. Umeionaje, dada?”

Ningeweza kumwambia niliisoma upya kwa utulivu, na labda ndiyo kweli yenyewe. Labda ndoo ile ya mwaka wa pili ilikuwa imekaa akilini mwangu muda wote ikisubiri nilale. Sijui. Mimi ni mtu wa vipimo, na hili sina ubao wa kulipimia.

“Mwalimu mwenyewe ameniambia,” nikasema.

Hakucheka. Akasema, “Basi mwambie ahsante,” akarudi harusini.

Jumatatu mkurugenzi alitazama michoro, akauliza maswali mawili, akasema tuendelee. Shomari ndiye aliyeitetea programu kuliko mimi. Masika yale ujumbe wa kwanza ulienda kwenye simu za wenyeviti siku mbili kabla maji hayajafika, na maji yalifika.

Lakini kabla ya masika nilikuwa na salamu za kufikisha, na safari hii sikungoja wiki ijayo. Jumapili iliyofuata nilipanda basi, nikashuka kwenye kijiji cha bondeni, nikaulizia. Mzee Kondo nilimkuta barazani kwake anamenya viazi vitamu, amekonda, macho bado makali. Hakunitambua mpaka nilipoitaja ofisi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna ubao umeanguka?”

“Hapana, mzee. Nimeleta salamu. Mwalimu Perpetua anakusalimu.”

Kisu kikasimama. Alijua amekufa; baadaye aliniambia alikuwapo mazikoni, tena mbele, si kama mimi.

“Lini?”

“Juma lililopita. Mchana, nikiwa usingizini.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la kawaida kabisa. Akamwita mkwewe alete kiti. Tukakaa. Nikamsimulia yote, na nilipofika pale alipokuwa amesimama majini akiandika, akaweka kisu chini na kufuta mikono kwa shati.

“Aliniangalia?”

“Alikuangalia sana.”

Mkwewe akaleta chai, akaenda zake. Mzee akaitazama njia inayoshuka mtoni, kisha akasema bila kunigeukia:

“Ukimwona tena, nifikishie neno. Kuna asubuhi moja sikushuka. Mvua ilipiga usiku kucha, njia inateleza, na mto nilikuwa nausikia unavyonguruma. Niliogopa. Nikasimama hapa hapa barazani, nikaandika tarakimu ya kichwani. Wiki hiyo akaja kuchukua daftari, akaniinua mkono mbele ya kijiji kizima, akasema Kondo haogopi mto. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka amekufa.”

Nikamuuliza ni asubuhi gani. Akaitaja, siku na mwezi na mwaka, bila kutafuta.

Niliporudi ofisini niliifungua faili nikaiona tarakimu ile, imekaa katikati ya wenzake, haina tofauti yoyote na nyingine. Sikuifuta. Niliweka alama pembeni yake kwamba ilikisiwa, nikaacha.

Mwalimu Perpetua hajanijia tena. Lakini neno la Mzee Kondo ninalo, na nimeshalipanga jinsi nitakavyolisema. Ni asubuhi moja tu, Mwalimu, katika zote. Na imemuuma mpaka leo.